Sumaiya, Kilima Kile Nilikishusha Mimi

Mwanangu Sumaiya,

Salamu tumepeana tangu asubuhi mpaka zimeisha utamu, kwa hiyo nitaziruka. Umetoka na baba yako kwenda Ilala kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hawatawaachia mpaka mle kwanza, halafu wawafungie kingine cha kubeba. Nina muda. Nimekaa kwenye meza ya chakula, begi lako kubwa limesimama karibu na mlango, na chini mtaani wanashusha mageti ya maduka kwa kelele zao zile zile. Barua hii nimeianza mara kadhaa na kuichana.

Habari za koti, soksi na namna ya kupika wali kwenye jiko la umeme sitakuandikia. Hizo umeshafundishwa na kila mtu, hata na fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza ambaye hajawahi kuvuka Chalinze. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema mwanzoni kabisa, maana najijua, nikianza kuzunguka sitafika.

Mmenyuko wetu haupo. Ule mwenendo tuliokokotoa mimi na wewe, ule uliotoka kwenye jarida jina lako likiwa la pili, ule ambao profesa wako amekuita ukauendeleze, si wa kweli. Paladi, ile metali tuliyosema haihitajiki, ilikuwamo kwenye chupa muda wote. Nimelijua hili tangu kabla ya Ramadhani, na mwezi mzima nimefuturu na wewe kwenye meza hii hii nikiwa nimenyamaza.

Najua hapo umesimama kusoma. Kaa kwanza, halafu uendelee, maana una haki ya kujua ilivyokuwa, si ilivyokwisha peke yake.

Ulipokuwa kidato cha pili ulikuwa ukitoka shule unapitia dukani kwa baba yako kule Kariakoo, unakaa nyuma ya droo za zipu na vifungo unafanya kazi za shule. Siku moja uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana rafiki zako walijua mama yako anafundisha kemia chuoni, lakini ulikuwa unaniona kila siku nipo mbele ya kompyuta wala sina hata chupa moja. Nje ya duka alikuwa amesimama dalali mmoja wa vitambaa, na mimi nikakuonyesha yule. Nikakuambia kaboni mbili hazishikani zenyewe, kila moja ina mambo yake. Paladi ndiye dalali wao. Anamshika huyu kwa mkono mmoja, anamshika yule kwa mkono wa pili, anawasogeza mpaka wanashikana wao kwa wao, kisha anawaachia na kwenda kutafuta wengine. Kazi yangu mimi ni kukokotoa anavyofanya, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kilima cha nishati cha kupanda kiasi gani. Kilima kikiwa kifupi, jambo linatokea. Kikiwa kirefu mno, halitokei. Ukauliza, "Na yeye dalali anapata nini?" Nikasema hapati kitu, na hiyo ndiyo tofauti yake na wa Kariakoo. Baba yako alicheka mpaka mteja akasahau alichokuja kununua.

Siku ile ile nikakuambia kwamba kidonge cha presha anachomeza baba yako kila asubuhi kina pete mbili za kaboni zilizounganishwa namna hiyo. Uso wako ulibadilika. Nadhani ni hapo ulipoamua, ingawa mwenyewe unasema ni baadaye.

Sasa kuhusu sumaku.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, kabla hujazaliwa, sikuwa mtu wa kompyuta. Nilikuwa mtu wa maabara, na kazi yangu ilikuwa paladi asubuhi mpaka jioni. Nilipopata mimba yako nikaambiwa niache kemikali zile, nikahamia kwenye hesabu, na huko ndiko nikabaki. Lakini siku ya kurudi nyumbani nilibeba kikopo cha sumaku zangu za kukorogea, vile vijiti vidogo vyeupe vinavyotumbukizwa kwenye chupa vikazunguka na kuchanganya dawa. Vilikuwa havina thamani, kule wanavitupa. Mimi nilivibeba kama mtu anavyobeba kijiko cha mama yake. Vilikuwa vimeshaanza kuingia weusi kwa matumizi, na weusi ule niliupenda, niliuona ni alama ya kazi yangu. Miaka ikapita. Mama mdogo wako Koku alipoanza kazi kwenye maabara ya chuo na kukuta hakuna hata sumaku moja nzima, nikampa kikopo kizima. Alinikumbatia. Alizitumia, akaziosha, akazitumia tena, kama sisi wote tunavyofanya, maana hapa kwetu kitu hakitupwi kwa sababu kimebadilika rangi.

Unamjua Koku. Alikuwa anatafuta njia ya kuunganisha pete zile bila paladi, maana paladi ni ghali na huku kwetu kuipata ni mateso. Siku ile hakuwa anatafuta hata hiyo njia. Alikuwa anafanya jaribio la kuhakikisha tu: unaweka vitu vyote isipokuwa paladi, ili uone kwamba hakuna kinachotokea. Kikatokea. Alinipigia simu sauti imepanda juu.

"Dada, imeunga! Bila paladi imeunga!"

"Koku, acha utani, nina wanafunzi hapa."

"Haki ya Mungu vile. Wafukuze hao, njoo uone!"

Nilikwenda nikaona. Tukapeleka kemikali zote kupimwa kama zina chembe za metali, moja moja, besi, kiyeyusho, kila kitu kilichoingia kwenye chupa. Zikarudi safi. Tulipima kila kitu tulichokimimina. Kitu kilichokuwa kinazunguka humo ndani mbele ya macho yetu hakikutujia akilini, kwa sababu hakikuwa kemikali, kilikuwa chombo. Halafu kilikuwa changu.

Koku akanipa kazi yangu: mmenyuko unatokea, wewe tuambie unatokeaje. Na mimi nikaja kukuchukua wewe. Ulikuwa umemaliza mwaka wa pili chuoni, likizo, unazunguka zunguka nyumbani. Tukapanda stoo juu ya duka la baba yako, kwenye zile kompyuta tulizounganisha kwa vipande vya mtumba, katikati ya maboksi ya zipu. Unakumbuka lile joto? Umeme ukikatika hesabu ya siku nzima inakufa, unashuka ngazi mbio kumwambia baba yako awashe jenereta, na yeye anakujibu, "Jenereta la duka hili ni la wateja, kaboni zenu zisubiri," halafu anawasha. Hizo ndizo siku nilizokuwa na furaha kuliko zote katika maisha yangu. Nalisema hili nikijua nilichokuwa nafanya ndani yake.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo pananiuma.

Hesabu ya kwanza ilisema ukweli. Ulikuwepo. Kilima kilitoka kirefu kiasi kwamba mmenyuko ule ungehitaji kuchemshwa mpaka chupa iyeyuke, na bado usingetokea. Kompyuta ile ya mtumba, katikati ya zipu, ilituambia wazi kabisa: bila dalali, jambo hili haliwezekani. Ilikuwa sahihi kuliko mimi, kuliko Koku, kuliko jarida. Na mimi nilitazama ile namba nikasema, "Njia hii ya hesabu haioni vizuri."

Tukabadilisha njia. Kilima kikashuka kidogo. Tukaweka molekuli mbili za maji zisaidie kupitisha hidrojeni, kikashuka tena. Nikapunguza mikono ya molekuli iliyokuwa inaleta usumbufu, nikasema ni ili hesabu iishe mapema, nacho kikashuka. Nikabadilisha namna ya kuhesabu kiyeyusho. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake na watu waliowahi kulifanya. Ukiyachukua moja moja hukuti kosa. Kosa lilikuwa kwamba nilijua ninakotaka kufika, na nilikuwa nasimama pale tu namba inaponipendeza.

Wewe uliniuliza. Sijui kama unakumbuka, mimi sijasahau. Ulikuwa umekaa juu ya boksi, una chupa ya maji mkononi.

"Mama, tunabadilisha tena? Mbona ya juzi ilikuwa nzuri?"

"Ya juzi ilikuwa na makosa."

"Tumejuaje kama ina makosa?"

"Kwa sababu chupa ya Koku inaunga, Sumaiya. Jambo likitokea limetokea. Kazi yetu ni kulieleza, si kulibishia."

Uliridhika, kwa sababu mimi ni mama yako na ni mwalimu, na kwa sababu jibu lile lilikuwa na sura ya jibu. Wiki ile ile wewe mwenyewe ukaipata ile hali ya mpito ya mwisho, pale kileleni ambapo kaboni mbili zinaanza kuelekeana. Ulipiga kelele mpaka baba yako akapanda juu akidhani umeshikwa na umeme. Nikakupeleka kunywa juisi ya miwa, nikakutazama unavyoongea kwa mikono yote miwili, nikasema moyoni, huyu ameshaiva. Ulikuwa umeiva kwa ubaya wangu. Ulichojifunza siku zile ni kushusha kilima mpaka kifike pale unapotaka, na ulijifunza vizuri sana, una mkono mwepesi kuliko wangu.

Kompyuta haikuulizi kama jambo lilitokea. Ukiiuliza njia, inakutafutia njia. Ungeiuliza njia ya Kariakoo kwenda mwezini ingekupa, na vituo vya kupumzikia ingekutajia.

Nataka nikuambie kingine ambacho hujawahi kukisikia kwangu, maana nimekaa nikijiuliza tabia hii niliipata wapi, na naona nilikuwa nayo kabla ya stoo.

Bibi yako, mama yangu, alipoanza kuumwa tumbo, daktari wa kwanza aliniita pembeni akaniambia hali ilivyo. Aliniambia kwa upole, wala hakuzunguka. Nikasema mashine yao ni ya zamani. Nikampeleka kwa wa pili, akasema yale yale kwa maneno mengine. Wa tatu akasema hebu tusubiri tuone, na mimi nikashika hilo la kusubiri kama limeandikwa mbinguni. Nilisimama hapo. Nikarudi nyumbani nikawaambia wote kwamba ni vidonda vya tumbo, na yeye mwenyewe nikamwambia hivyo. Wewe ulikuwa mdogo, umelala ubavuni kwake, ukauliza kwa sauti, "Bibi anakufa?" Nilikuvuta mkono nikakutoa chumbani, nikakufokea mpaka ukalia. Yeye alikuwa ananitazama tu. Sasa najua alikuwa anajua. Alikuwa na mambo ya kusema na hakuyasema, kwa sababu mimi nilikuwa nimefunga mlango wa mazungumzo yale, na hakutaka kuniaibisha. Alikufa tukiwa tunaongea habari za dawa za vidonda. Mtu wa pekee aliyeuliza swali la maana katika nyumba ile alikuwa wewe, na ulilipwa kwa kufokewa. Mara mbili sasa nimekuzimia swali.

Nirudi kwa Koku. Ilikuwa Jumamosi, Ramadhani inakaribia, niko sokoni Kariakoo nanunua tende. Alipiga simu na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, uko wapi?"

"Sokoni. Kuna nini?"

"Tafuta pa kukaa."

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la mtu.

"Zile sumaku mpya tulizoagiza zimefika," akasema. "Nimerudia mmenyuko wetu. Umegoma."

"Umebadilisha besi?"

"Sijabadilisha kitu. Nimerudia tena, umegoma. Basi nikachukua moja ya zile zako, nikaitumbukiza humo humo kwenye chupa iliyogoma. Nimeenda kula, narudi, imeunga."

Watu walikuwa wanaruka miguu yangu kupita. Kijana mmoja wa duka akaniuliza, "Mama, vipi, maji?" nikatikisa kichwa.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Nimeipeleka ikapimwe. Lakini mimi na wewe tunajua watakachokikuta."

Waliikuta. Paladi ilikuwa imejificha kwenye mikwaruzo ya sumaku zangu tangu nikiwa msichana, inajiachia kidogo kidogo, inafanya kazi yake ile ile niliyokueleza dukani, na sisi tumekaa juu kwenye maboksi tunaandika maelezo ya namna jambo linavyofanyika bila yeye. Chembe ndogo kiasi kile zinatosha. Nilizitumia miaka na nilijua zinatosha. Ningemfelisha mwanafunzi kwa kutolijua hilo.

Viza yako ilitoka wiki ile ile. Baba yako, ambaye hajui lolote kati ya haya, alikuwa ameshatundika ukurasa wa kwanza wa makala yetu ukutani juu ya droo za zipu. Mteja akija kuulizia zipu nyeusi ya suruali anaambiwa kwanza, "Unaliona jina hili la pili? Mwanangu huyo. Anakwenda kuunganisha kaboni," halafu ndipo anapewa zipu. Watu wa mtaa wetu mzima wa Mchafukoge wananipa hongera ngazini. Nikasema nitakuambia kesho. Kisha Ramadhani ikaingia, nikasema nisikuharibie funga. Kisha Idi. Unaona? Ni hesabu ile ile. Kila siku ya kunyamaza ilikuwa na sababu yake, ukiichukua peke yake hukuti kosa.

Koku alitaka kuandika kwa jarida siku ile ile, makala yetu iondolewe. Nilimwomba asubiri. Nilimwomba kwa namna ambayo sijawahi kumwomba mtu, nikiwa nimemshika mikono kwenye korido ya chuo wanafunzi wanapita. Alisema, "Mpaka Sumaiya apande ndege, dada. Kwa ajili yake yeye. Baada ya hapo siku moja zaidi, hapana." Hajaniita dada tangu siku hiyo. Barua ya kuiondoa kazi ameshaiandika, nimetia sahihi yangu, na kesho mchana wewe ukiwa angani ataituma.

Sasa nikuambie nilivyokuwa nimepanga. Nilipanga usijue. Nilijiambia asiyejua hana hatia, ataambiwa na dunia kama watu wengine, atashangaa kwa haki, na profesa wake ataona ni mtoto aliyedanganywa. Nilipenda mpango ule. Leo mchana ulipokuwa unapanga begi ulinisomea zile dakika tano ulizoandaa za kujitambulisha kwa kundi lako jipya. Ulisimama pale kwenye feni ukaeleza kilima chetu, hatua kwa hatua, ukaeleza kwa nini maji mawili na si moja. Ulieleza vizuri mno. Nikakuona umesimama mbele ya watu wasiokujua, barua ya Koku imefika kabla yako, na wao wanakutazama kwa adabu. Nikaingia jikoni nikafungua bomba la maji ili usinisikie.

Kwa hiyo ndiyo nakuambia. Mimi si mtu jasiri, Sumaiya. Nimeogopa vitu viwili nikachagua kimoja.

Sina la kukufariji. Nimetafuta, hakuna. Pengine profesa atasema haidhuru, kuna kazi nyingine. Ukitaka niwe mkweli, sidhani. Nafasi ile ilitolewa kwa ajili ya mmenyuko huu, na fedha zake pia, na watu wa huko wana haraka. Pengine utarudishwa kabla hujazoea baridi. Utarudi kwenye nyumba hii, kwenye ngazi hizi zilizojaa hongera, na utapaswa kumweleza baba yako kwa nini ukurasa ule unashushwa ukutani. Au utabaki huko ukiwa yule mtoto wa kazi iliyoondolewa, na kila namba utakayotoa wataitazama mara mbili. Jina langu halina kazi kubwa iliyobaki, nimekaribia kustaafu, hakuna atakayelitafuta. Lako ndilo lililokuwa halijatumika. Nimelichukua likiwa jipya nikalitia doa kabla hujalivaa mwenyewe.

Ningependa kuandika kwamba ninaogopa zaidi unyamaze huko kuliko urudishwe. Ingekuwa barua nzuri. Lakini si kweli. Ninaogopa urudishwe. Ninaogopa kukuona unapanda ngazi hizi na begi lile lile. Nakuomba useme hata hivyo, siku ya kwanza, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hujafungua kompyuta yao. Nakuomba kitu ambacho mimi mwenyewe nilishindwa kukifanya kuanzia Jumamosi ile mpaka jioni hii, na siwezi kukuambia kitaleta heri. Ninachojua ni nilivyoishi wiki hizi. Sili vizuri. Nikimwona baba yako anafuta vumbi kwenye kile kioo cha fremu nataka kukimbia duka.

Kama watakubakisha, na kama bado utaitaka kazi hii baada ya mimi, fanya hivi. Kabla hujaikokotoa njia ya jambo lolote, nenda kwa mwenye chupa ukaione chupa. Usiulize walichoweka tu. Uliza kilichokuwamo kabla, kimetoka wapi, kimeshawahi kufanya kazi gani. Na andika kilima unachotegemea kabla hujaambiwa jibu, kisha kikitoka kingine, kaa nacho. Kaa nacho siku nyingi. Kinachokuudhi kwenye hesabu kiache kikuudhi. Mimi sikuvumilia kuudhiwa, si kwenye kemia wala kwenye kitanda cha mama yangu.

Na lile swali lako, tumejuaje kama ina makosa, usimwache mtu mwingine akunyang'anye. Mwalimu, bosi, mume, mimi, yeyote. Lilikuwa swali zuri kuliko kila kitu tulichochapisha. Ningekuwa na akili ningeshuka ngazi na swali lile mkononi mpaka kwa Koku, na huenda tungeitazama ile sumaku nyeusi tukaiona.

Simu yako imeingia sasa hivi, mnasema mmeshamaliza kula, shangazi wanafunga mabakuli. Nimekujibu "sawa mwanangu" kama mtu asiye na neno.

Barua hii nitaiweka kwenye kitanda chako, juu ya pasipoti, kwa sababu najua utaitazama tena pasipoti kabla ya kulala. Mimi nitakuwa nimeingia chumbani nimefunga mlango, lakini sitalala. Ukiisoma ukataka kunipigia kelele, gonga, nitafungua, nitakaa nikusikilize mpaka umalize, na sitajitetea kwa neno hata moja. Ukitaka kuahirisha safari, gonga, tutampigia mwenye teksi pamoja. Na kama hutaki kuniona, usigonge. Kesho asubuhi nitakubebea begi mpaka chini kwenye gari, na sitakuomba uniage.

Mama yako